Geti la Ziwa Hishi

Mzee Oginuma hakubisha hodi. Alisimama uani kwetu jua halijapanda vizuri, matope yamemfika magotini, akaanza kufoka.

"Mama Kotoha. Toka uone kazi ya binti yako."

Nilitoka na mwiko mkononi. Nguruwe pori walikuwa wameingia kwenye mpunga wake usiku, ukiwa umebakiza siku chache tu uvunwe. Wakishagaagaa mle, harufu yao inashika hadi kwenye punje, na chama cha wakulima hakigusi hata gunia moja. Shamba lote linakuwa takataka.

"Nimekuta geti liko wazi lote, limewekewa jiwe lisirudi," alisema. "Wazi kama mlango wa duka. Nani anapita pale asubuhi na jioni? Mimi? Au huyo wenu anayezunguka ziwa kama nzi kwenye bakuli?"

"Kotoha hufunga geti."

"Umemwona?"

Sikuwa nimemwona. Saa hizo mimi huwa jikoni.

"Na ile kaptula yake," akaongeza huku akiondoka. "Imembana mpaka nimeona aibu mimi."

"Basi usiangalie, mzee."

Barabara ya Ziwa Hishi ni nyembamba. Ina vilima viwili vya kukata pumzi na mteremko mmoja ndani ya msitu wa mierezi, na ukitoka msituni unakutana na geti la waya linalozuia nguruwe wasishuke mashambani. Kila anayepita hulifunga na kurudisha mnyororo. Siku nzima hupita pikapu za wakulima na gari la posta, basi. Ndiyo maana binti yangu hufanyia mazoezi ya mbio za baiskeli pale. Mashindano ya Oktoba yangeamua kama timu ya chuo anachokitaka itamchukua au la. Barabara nyingine tuliyonayo ni ile kuu, ya malori ya saruji. Mwenzake mmoja wa shule aliburuzwa na lori pale mwaka juzi, na hadi leo anatembelea fimbo.

Jioni ile nilifanya kosa. Nilimwonea huruma yule mzee, kwa sababu jasho la mwaka mzima ni jasho la mwaka mzima, nikanunua boksi la keki za maharage matamu kwenye duka la stesheni. Nilipita kando ya rundo la magogo mabichi kwenye baraza yao, nikamkabidhi mkewe, Bi Fusae. Nikasema, "Poleni kwa yaliyowapata."

Alilipokea kwa mikono miwili. Akaitazama karatasi iliyofungia boksi, akanitazama mimi, akainama sana, kuliko jambo lenyewe lilivyohitaji. Nikarudi nyumbani najiona mtu mwema.

Haikupita wiki, mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Shigeno, akaja kwangu. Kabla ya kila mkutano yeye hupita nyumba kwa nyumba na kumaliza mambo yote huko huko. Kwenye mkutano wenyewe anauliza tu kama kuna anayepinga, watu wanatazama mikeka, jambo limepita. Alikaa kwenye kizingiti bila kuvua viatu.

"Jumapili tunapitisha kwamba baiskeli zisipite tena barabara ya ziwa. Za wageni na za wenyeji. Kile kipande cha geti ni ardhi ya kitongoji, tuna haki. Nyumba zote nimeshazipitia, imebaki yako."

"Binti yangu hakuliacha geti wazi."

"Mama Kotoha." Akashusha sauti kama daktari mwenye habari mbaya. "Boksi ulipeleka mwenyewe."

"Lilikuwa la pole."

"Mtu analaumiwa asubuhi, jioni anapeleka keki. Hiyo pole gani? Huko ni kukiri na kuomba msamaha. Na wakalipokea, kwa hiyo limekubalika. Tena umenunua kwenye lile duka la stesheni, ambako kila mtu hununua akiwa amemkosea mwenzake."

"Nilinunua pale kwa sababu kuna pa kuegesha gari."

"Wewe Jumapili kaa kimya tu. Mwaka ujao hakuna atakayekumbuka."

Alipoondoka nilimwita Kotoha, aliyekuwa akipaka mafuta mnyororo wa baiskeli barazani.

"Hebu niambie ukweli. Ile siku ulilifunga geti?"

"Mimi silifungui kabisa lile geti, mama. Lazima uliinue ndiyo liburuzike, na viatu vyangu vina chuma chini, vinateleza. Nabeba baiskeli begani, navuka mtaro wa pembeni."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Hukuuliza. Ulikimbilia kununua keki."

Kesho yake nilikwenda mwenyewe kulijaribu lile geti. Kweli, mpaka uliinue kwa mikono miwili. Mtu wa baiskeli mwenye akili timamu angefungua upenyo wa kumtosha, basi. Kulifungua lote na kutafuta jiwe la kulizuia ni kazi ya mwenye gari anayetaka kwenda na kurudi bila kushuka tena.

Mume wangu, Tatsunori, hufanya kazi Osaka na kuja mwisho wa mwezi. Alipiga simu Jumamosi.

"Nyamaza, Mizue. Nikistaafu nitakuja kuishi na hao watu."

"Mimi ninaishi nao leo," nikasema, nikakata.

Jumapili ukumbi wa kitongoji ulijaa. Bi Fusae alikuwa zamu ya chai. Shigeno alisoma lile jambo haraka haraka, kisha akauliza kama kuna anayepinga, na alikuwa tayari anageuza ukurasa.

"Mimi napinga."

Mzee mmoja alipaliwa na chai.

"Mama Kotoha, hili tulishaliongea," Shigeno akasema.

"Uliongea wewe."

"Watu wa mjini hao," sauti ya mwanamke ikasema nyuma yangu. "Baiskeli ya bei ya gari, adabu sifuri."

"Nimezaa na kuzika mkwe kwenye kijiji hiki, na bado ni wa mjini. Sawa." Nikamgeukia Oginuma. "Mzee, uliniambia geti lilikuwa wazi lote?"

"Lote. Na nitasema tena."

"Na jiwe?"

"Na jiwe. Jiwe kubwa."

"Baiskeli ina upana gani, mzee?"

Nikawaangalia wote, mmoja mmoja. "Aliyeweka jiwe alikuwa na pikapu, na alikuwa na mpango wa kurudi. Humu ndani kila nyumba ina pikapu isipokuwa yangu."

Bi Fusae alikuwa akimimina chai. Aliendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika na chai ikatiririka kwenye mkeka, macho yake yako kwa mumewe. Hapo ndipo nilipoyakumbuka yale magogo mabichi kwenye baraza yao. Miti ya kuni iko upande wa pili wa geti.

"Unataka kusema ni mimi?" Oginuma akauliza. Shingo yake ilikuwa nyekundu.

"Sijamtaja mtu. Nasema binti yangu haendi barabara ya malori."

"Na lile boksi?" mtu akauliza.

"Lile lilikuwa la pole. Mnaosoma karatasi za keki mkome."

Hakuna aliyecheka. Shigeno alisema jambo limeahirishwa, maana bila wote kukubali halipiti, na kwetu likishaahirishwa limekufa.

Tangu siku hiyo hakuna anayeniamkia. Biringanya na matango yaliyokuwa yakiachwa mlangoni yamekoma. Siku ya kijiji kufyeka kando ya barabara walinipangia ule mteremko wa chini ya geti wenye viota vya nyigu, nikaufyeka wote, nikaumwa mara mbili, na hakuna aliyeuliza.

Kisha asubuhi moja nikalikuta lile boksi la keki kizingitini. Halikufunguliwa. Kurudisha zawadi ni kofi, kila mtu anajua. Lakini mwenye kurudisha keki za kuomba msamaha anasema pia kwamba hakukosewa, na nadhani Bi Fusae alilileta akijua hivyo. Nikalipokea kwa maana zote mbili.

"Zimeharibika?" Kotoha akauliza.

"Bado. Chukua."

Alitia mbili kwenye mfuko wa mgongoni, akapanda baiskeli. Mimi nilitangulia getini kwa njia ya mkato. Oginuma alikuwa shambani akifyeka mpunga wake ulioharibika ili auchome. Aliniona, akanigeuzia mgongo. Kotoha akatokea msituni, akashuka, akaweka baiskeli begani, akavuka mtaro na kuanza kupanda kilima bila kututazama.

Nikautikisa mnyororo wa geti kwa nguvu, mara mbili, ili mzee asikie kwamba umefungwa. Kisha nikarudi nyumbani kupika.