Kidole Juu ya Santuri

Mke wangu alikuwa fundi cherehani, na umeme ukikatika alikuwa anaizungusha santuri kwa kidole.

Msicheke. Umeme wetu mnaujua. Wakubwa wanaukata wakijisikia, wewe uko katikati ya gitaa, sauti inazama kama mtu anayetumbukia kisimani. Hapo mke wangu anaweka kidole pembeni ya ile karatasi ya katikati ya santuri, anazungusha. Spika zimekufa, lakini sindano yenyewe inalia, kisauti chembamba kama cha mbu, sharti usogeze sikio. Na mwendo ulikuwa sawasawa, kama wa mashine. Miaka thelathini ya kukanyaga cherehani ilikuwa imemwingia hadi vidoleni. Nikijaribu mimi, mwimbaji mara anakimbia kama mwizi, mara anajiburuta kama mlevi.

"Wewe huna mapigo," alikuwa akiniambia. "Una nguvu tu."

Alinijua tangu siku ya kwanza. Nilikuwa kuli, nabeba maspika kwenye matamasha ya roki, enzi zile gitaa likilia unalisikia kwenye mbavu. Siku hiyo uwanja umefurika, umeme ukakatika. Mpiga ngoma hakuacha. Watu wakalishika pigo lake kwa makofi, uwanja mzima, nami nikatoka nyuma ya jukwaa nikapiga yangu. Msichana aliyekuwa mbele yangu akageuka.

"We kaka, unapiga makofi au unaua mbu?"

Mwaka haukuisha nikamwoa. Santuri ya kwanza kuingia nyumbani kwetu ilikuwa ya bendi ile ile.

Mwaka jana alilazwa, akawekewa mashine ya kupumulia. Saa tisa mchana umeme ukakatika. Jenereta ya hospitali haikuwaka kwa sababu haikuwa na dizeli, na dizeli haikuwepo kwa sababu magari ya wakubwa wa hospitali hayaendi kwa maji. Nesi alikuwa mmoja, wagonjwa wa mashine wanne. Akanipa mfuko wa mpira unaobanwa kwa mkono, hewa iingie kifuani.

"Bana, achia. Bana, achia. Usiharakishe, baba. Ukiharakisha humsaidii."

Akakimbilia kitanda kingine. Nilibana dakika arobaini. Umeme ukarudi. Yeye hakurudi.

Tangu siku hiyo nawatukana wakubwa asubuhi na jioni, majirani wameshazoea kama wanavyozoea jogoo. Lakini habari ya mfuko sikumwambia mtu.

Miezi miwili baadaye, mchana vilevile, umeme ukakatika santuri ikizunguka. Nilikuwa kwenye kiti, nimeegemea mashine ya santuri, macho nimefumba. Sauti ikazama. Kisha ikapanda tena, nyembamba, mwendo sawasawa. Nywele zilinisimama. Sikuthubutu kufumbua macho, niliogopa kumfukuza. Wimbo ulipoisha nikauliza, "Mke wangu, ni mkono wangu uliokuua?"



Basi kila mchana nikawa naweka santuri, nakaa pale pale, nafumba macho, nangoja jibu. Labda nchi nzima ni mimi peke yangu niliyekuwa naomba umeme ukatike.

Binti yangu ni karani katika ofisi ya umeme. Alikuja na karatasi mkononi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Wakubwa wako hawajambo? Wanalala na taa?"

"Baba, usianze." Akakaa. "Ndugu wa waliofariki siku ile wameungana. Wanataka mkuu wa hospitali ajibu ilikokwenda dizeli. Umebaki wewe tu kuweka sahihi. Ulikuwepo wodini."

"Kesho."

"Umesema kesho mara tatu! Mdomoni unawachinja kila siku, leo kalamu hii hapa, unainama kama mwali. Unaogopa nini?"

Niliogopa swali. Mtu angeniuliza mbele za watu: na wewe, mzee, mkono wako ulikuwa unafanya nini?

"Nina mgeni," nikamwambia. "Mama yako huja umeme ukikatika."

Alinitazama kama mtu anayetazama nyumba ya wazazi ikiinama.

"Leo zamu yenu ya kukatiwa ni saa tisa," akasema. "Nitakaa nimwone."

Nikaweka santuri. Nikaegemea, nikafumba macho. Saa tisa, puu, sauti ikazama. Ikapanda. Kisauti cha mbu, gitaa lote ndani yake, hakuna kukimbia, hakuna kuburuta. Wimbo ukaisha.

"Baba, fumbua macho."

Nikafumbua. Kidole kilikuwa juu ya karatasi ya santuri, na kilikuwa changu.

Nilikivuta kama nimeungua. Ndani ya kifua nilisikia nyumba ikihamwa. Wiki zote hizo sikuwa na mgeni. Nilikuwa mzee aliyejitembelea mwenyewe.

"Haiwezekani. Mimi sina mapigo. Mama yako alisema."

"Nimeona kwa macho yangu. Umezungusha kama yeye."

Ndipo nikamwambia habari ya mfuko. Nilimwambia yote: nesi, dakika arobaini, mkono wa kuli uliozoea kubeba maspika. Alilia bila sauti. Kisha akaushika mkono wangu, akaugeuzageuza kama kitambaa kinachotafutiwa upande wa nje.

"Huu ndio uliokuwa unabana?"

"Ndio huo."

"Basi haukuharakisha."

"Pengine umejifunza baadaye."

"Pengine," akasema. Hakunidanganya, nami nikamshukuru kimoyomoyo. "Lakini Baba, mkono wa mtu haukutakiwa kuwa pale. Pale palitakiwa dizeli."

Nilikaa na neno hilo. Miezi yote nimeyapayuka maneno kama hayo, na sikuwahi kuyasikia.

"Lete karatasi."

Ilikuwa inajikunja, akaibana mezani kwa viganja vyote viwili. Mkono wangu wa kushoto ulishika ukingo wa meza, wa kulia ulishika kalamu. Sahihi yangu huandikwa herufi moja moja, kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Umeme ulikuwa haujarudi. Sindano ilikuwa imesimama mwanzoni mwa wimbo unaofuata.

Nilipofika herufi ya tatu, sindano ikalia.

Kisauti chembamba, cha mbu. Mwendo wa cherehani. Nilihesabu mikono yetu: minne, yote mezani.

Nikaisimamisha kalamu. Binti hakugeuka kuitazama mashine, wala hakuiachia karatasi.

"Andika, Baba," akanong'ona. "Usiharakishe."