Mkeka Mmoja

"Mama Caren, huyu mtoto babake akimtaka, utamzuia na nini?"

Mama Joash, jirani yangu, aliniuliza hivyo mwaka juzi, wiki ile tulipomzika binti yangu Caren. Nilikuwa nimembeba mjukuu wangu Celestine mgongoni, na niliona kuzika kunatosha.

Sasa Celestine ana miaka minne, yuko nasari hapa Karungu. Babake, Bonface, anavua samaki kisiwani Remba. Simsengenyi, sabuni na sukari hutuma. Lakini mwezi uliopita alituma neno kwamba ameoa tena, nyumba iko, na anakuja kumchukua mtoto wake. Mtoto ni wake kweli. Ila tangu mamake afariki, Celestine hakufungua mdomo mbele ya mtu asiye wa nyumbani, mpaka alipofika kwa Mwalimu Beverlyne.

Beverlyne alikuwa mwanafunzi wa chuo kimoja cha Homa Bay, ameletwa kwetu kwa mazoezi ya kufundisha. Msichana wa Kisii, mwembamba, akicheza na watoto unasahau yeye ni mwalimu. Sisi wazazi hakutuchekea. Siku ya zamu yangu ya kupika uji nilimsikia nyuma ya darasa akiongea na mwenzake kwa simu: "Wazazi wa huku ni wa kuleta kuni na unga tu. Ukiita mkutano, wanatuma nyanya wa mtoto."

Nyanya ndiye mimi. Niliendelea kukoroga uji, nikasema Salamu Maria tatu, hasira ikashuka kidogo.

Akaitisha mkutano Alhamisi. Mwalimu wake wa chuo, Bwana Mosoti, angekuja kumpa alama, aone anavyoshirikiana na wazazi. Jumatano nilimwendea.

"Mwalimu, kesho babake Celestine atakuja. Anataka kumpeleka Remba. Mweleze vile mtoto anaendelea. Mimi siwezi kubishana naye."

"Usijali, nyanya. Mkija wote wawili ni vizuri hata zaidi."

Hilo neno lilinikaa vibaya. Ningemweleza palepale, lakini nilidhani anajua. Kwetu mama mkwe na mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Hatushikani mikono, hatuli pamoja, hatukai mkeka mmoja. Tangu Bonface amwoe Caren, sijui kama nimemtazama usoni mara nne.

Alhamisi nilipoingia darasani nilikuta mikeka midogo imetandikwa, kila mmoja umewekwa jina la mtoto.

"Kila mtoto na watu wake!" Beverlyne alikuwa akisema, anapiga makofi. "Leo tunajifunza kwa mchezo kama watoto wetu. Kaeni, mshikane mikono, tuimbe."

Nilikaa kwenye mkeka wa Celestine kabla sijaelewa. Bonface alikuwa mlangoni, na buti zake za mpira, macho chini. Watoto walikuwa nje, namsikia Celestine wangu kati yao.

"Baba Celestine, karibu! Usione haya, huyu ni mshirika wako wa malezi." Beverlyne akamshika mkono, akamvuta kuja kwangu.

Mama mmoja alicheka mpaka akafunika uso na leso. "Mwalimu, wewe utatuletea laana hapa!"

Bonface aliurudisha mkono wake kwa nguvu. Mguu mmoja ukawa nje tayari. Nikaona yote yanayofuata: atatoka, atamshika mtoto pale uwanjani, watashuka ufuoni, na hakuna mtu atakuwa amemwambia lolote.

Nikasimama.

"Mwalimu, mimi ndiye nilimzaa mke wake."

Nilienda nikakaa sakafuni pembeni kabisa, nikaelekea ukuta, nikiona darasa kwa pembe ya jicho tu. Kalamu ya Bwana Mosoti, aliyekuwa ameketi nyuma akiandika alama, niliisikia ikisimama.

"Hata kwetu iko heshima hiyo," Beverlyne alisema polepole. "Kwetu hata ni kali zaidi. Sikuuliza tu wewe ni mama wa nani."

Aliwaambia wengine waendelee na wimbo. Akaburuta kiti kidogo cha mtoto, akakiweka katikati, kati yangu na Bonface. Karatasi yake ya somo aliiacha mezani.

"Baba Celestine, nisamehe. Kaa."

"Sitakaa sana," alisema, akikaa upande wa pili. "Nataka barua ya kumhamisha. Boti inatoka saa nane."

"Sawa. Lakini nikuulize. Ukimbeba, analia?"

"Sijui. Sijambeba tangu matanga."

"Hapa alikaa wiki tatu chini ya meza yangu. Nilidhani hasikii. Nyanya, nyumbani huongea?"

Hakuwa ameniuliza hilo hata siku moja. "Huongea na kuku siku nzima," niliuambia ukuta. "Akiona mgeni, basi. Mwambie simkatazi mtoto wake. Asimtoe tu mahali ameanza kuongea."

"Baba Celestine, nyanya anasema…"

"Nimesikia."

Mtu alicheka, akajizuia.

"Na hapa," Bonface akauliza, "huwa anasema nini?"

"Jana aliniambia babake anaweza kuogelea mpaka Remba bila boti. Nikamuuliza, umemwona? Akasema hapana."

Nilikuwa nimeshika rozari ndani ya mfuko mpaka vidole vikauma. Niliogopa Beverlyne ataongeza maneno ya chuo. Hakuongeza. Alikaa kwenye kile kiti kidogo, akangoja, na alama zake zikingoja pia.

"Muhula uishe kwanza," Bonface akasema.

Wiki tano. Nilizihesabu palepale.

"Na baada ya muhula?" Beverlyne aliuliza.

Nilisikia buti zikiinuka, zikizunguka kwa ukuta ule mwingine, mbali nami. Zilifika mlangoni, zikatoka, zikawapita watoto uwanjani, na sauti ya Celestine bado niliisikia kati yao.