Madoa ya Lami kwenye Gari la Kapitan

Lami ilikuwa imeruka mpaka juu ya vioo. Nelfa Magbanua alichuchumaa kando ya gari, amekandamiza mlangoni tambara lililolowa mafuta ya taa, akisubiri. Kazi ya kutoa lami ni kusubiri. Unaliloweka doa mpaka lilegee, kisha unalivuta taratibu kwa upande mmoja. Ukisugua, vijiwe vilivyomo ndani yake vinachora rangi, na mchoro hautoki kwa mafuta ya aina yoyote. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiosha magari hapo kando ya barabara ya Malagtik, na vidole vyake vilikuwa vimepasuka, kila mpasuko na mstari wake mweusi ambao sabuni ilishaukatia tamaa.

Barabara yenyewe iliwekwa lami kwa siku nne, nyembamba kama siagi ya mtu bahili, na jua likipanda ilikuwa ikinata kwenye kandambili. Hakuna gari lililopita likabaki safi. Lakini saa tano gavana angefika kukata utepe, padri angeibariki barabara, na gari la mkuu wa kijiji, ambaye wote walimwita Kapitan, lingeongoza msafara. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Nelfa alikuwa na sababu yake ya kulihangaikia gari hili. Vibanda vyote vya kando ya barabara vingevunjwa wiki ijayo, isipokuwa vya wenye barua ya Kapitan. Barua yake ilishaandikwa, ilikosa sahihi tu. Kapitan alikuwa amemwambia jana kwamba gari liking'aa atasaini. Kile kibanda na bomba lake la maji ndivyo vilivyomlisha yeye na wajukuu wake wawili. Hakuwa na kingine.

Arnulfo, dereva, alikuwa akizunguka gari na simu mkononi kama mtu aliyebanwa na haja. Mwishowe akaenda dukani kwa mfua vyuma, akarudi na chupa.

"Manang," alisema, akimwita kwa heshima kama dada mkubwa, "mafuta yako ya taa yatatufikisha kesho. Tumia hii."

Nelfa alinusa tu akajua ni dawa ya kuyeyushia rangi. "Tina inakula rangi, mdogo wangu."

"Inakula rangi za kupaka mtaani. Hili limetoka kiwandani hivi hivi. Au unataka kusema Kapitan kauziwa mtumba?"

Tangu asubuhi vidole vya Nelfa vilikuwa vimeshagusa, chini ya mpira wa mlango, ukingo wa rangi iliyotiririka ikakaukia hapo. Aliyelipaka gari hili alikuwa na haraka, hata mipira hakuing'oa. Lakini Kapitan alikuwa amesimama mbele ya mkutano wa kijiji akasema amelinunua jipya, kwa jasho lake. Kuna mambo ambayo fundi anayajua na hana ruhusa ya kuyajua.

"Sijasema hivyo," alisema.

"Basi mimina."

Alipoona Nelfa anasitasita, Arnulfo akaimimina mwenyewe, mlango mzima. Lami ilitoka, kweli. Ikafuatiwa na rangi ya fedha, ikikunjamana kama ngozi ya juu ya maziwa, na Nelfa alipoifuta haraka kwa tambara ili kuiokoa, ikatoka yote. Chini yake palikuwa peupe. Juu ya ule weupe palikuwa na msalaba mwekundu, na jina la kijiji, Malagtik, kwa herufi za kijani.

Alilifahamu. Lilikuwa gari la wagonjwa la kijiji, lililoletwa na wafadhili miaka mitatu iliyopita likiwa limevishwa maua. Miezi miwili baadaye Kapitan alitangaza kwamba injini imekufa, liko mjini kwa fundi, linasubiri kipuri. Novemba iliyopita mumewe Rodel aliposhikwa na kifua, Nelfa alikimbia alfajiri mpaka kwa Kapitan. Alitoka mwenyewe, taulo shingoni, akamwambia kwa huzuni kabisa kwamba gari bado liko kwa fundi. Rodel alifia kwenye pikipiki ya abiria, kwenye kile kiti kilichofungwa ubavuni mwake, kichwa mapajani mwa mkewe, kilomita nne kabla ya hospitali.

Hasira ilimpanda Nelfa mpaka masikio yakaziba. Hakusikia Arnulfo akipiga simu.

Kapitan alifika kwa miguu, shati lake jeupe la sherehe limenyooka. Aliutazama mlango kwa muda mrefu. Akamtuma Arnulfo ofisini akalete stika kubwa iliyoandaliwa kwa sherehe. Kisha akauliza kwa upole, "Manang, unajua hii ni nini?"

"Ni gari lililokuwa kwa fundi, Kapitan."

Kapitan akaangalia barabara, akamwangalia yeye.

"Rodel alikuwa mtu mwema," akasema. "Jeneza lake nililitoa mimi. Sijakudai hata asante."

Ilikuwa kweli, na Nelfa alikuwa amemshukuru, mara mbili, akimbusu mkono.

Stika ikaletwa. Ilikuwa uso wa Kapitan, mpana kama sinia, anacheka. Arnulfo akataka kuibandika hapo hapo.

"Haitashika," Nelfa alisema. Yalimtoka kwa mazoea tu. "Pana mafuta. Lazima paoshwe kwanza."

"Basi osha. Fundi ni wewe." Kapitan aligusa mfuko wa shati. "Barua yako iko hapa. Tukimaliza baraka na hii haijabanduka, nasaini. Ikibanduka mbele ya gavana..." Hakumalizia. Hakuhitaji.

Nelfa aliosha kwa sabuni mara tatu. Alikausha kwa kanga yake ya kichwani. Akaibandika kuanzia katikati akisukuma hewa kwenda pembeni, kiganja chake kikipita juu ya lile jicho, ile pua, yale meno, mpaka msalaba ukafunikwa wote. Alikuwa hajawahi kufanya kazi safi kama ile. Akazikagua kona nne kwa ukucha, na gari likaondoka.

Alilifuata kwa miguu mpaka njia panda. Watu walikuwa wengi, jua kali, bendi ya shule inapiga. Padri alipita akinyunyizia maji ya baraka barabara, kisha gavana, kisha akaligeukia gari na kulirushia kwa ukarimu. Maji yakaupiga mlango. Yakateremka kwenye paji la uso, yakazunguka tabasamu, yakakusanyika kwenye kona ya chini, na kona ile ikainuka kidogo, kama upana wa ukucha.

Watu walipiga makofi. Nelfa akaunganisha mikono yake iliyopasuka, akafumba macho, akaomba kwa nguvu zote alizobaki nazo kwamba gundi ishike.