Mkono wa Keraryo

Mchomoko, gari dogo la abiria alilopanda Wankyo kutoka Bunda kwenda Murangi lilikatika ekseli jioni, mbele ya kota za kiwanda cha samaki, pale barabara inapoacha kuwa ya serikali na kuwa ya kampuni. Dereva akasema safari itaendelea asubuhi. Wankyo, fundi cherehani, akachukua mkoba wake wa kazi, akapiga hodi kwenye nyumba ya kwanza iliyokuwa ikifuka moshi.

Alipokewa na mama wa makamo, Dorkas. Mumewe, Keraryo, alikuwa amekaa kwenye kigoda. Mkono wake wa kulia uliishia kwenye kifundo.

"Mashine ya minofu," Dorkas alieleza akisonga ugali. "Kampuni ikamwachisha kazi. Mkono haikuuachisha."

King'ora kikalia. Wafanyakazi wakatoka getini, na nyuma yao ukaja mkono wa Keraryo, ukitambaa kwa vidole pembeni mwa njia usije ukakanyagwa. Uliingia ndani ukinuka sangara. Dorkas akauosha kwa sabuni, akaupaka mafuta, akauweka juu ya mto.

"Unarudiga kila siku?" Wankyo aliuliza.

"Kila siku. Hata Jumapili, sisi tukiwa kanisani, wenyewe unakuwaga kazini. Tuliwahi kuufungia ndani. Ulikwaruza mlango mpaka kucha zikatoka damu."

"Mimi nilikuwaga napiga litungu," Keraryo alisema, akionyesha kwa kidevu ala iliyoning'inia ukutani, nyuzi zimelegea. "Harusi zote za huku."

Wankyo alikitazama kile kifundo kama anavyotazama shati lililotatuka.

"Hapa ni kushona tu, baba."

Akatunga uzi mnene wa kushonea mabegi ya shule. Keraryo aliuma kanga ya mkewe, hakulia. Mshono ulipokwisha alikunja vidole, akavikunjua, akamega ugali, akala bila kusaidiwa. Kisha akaomba litungu. Mwanzoni vidole vilikwangua nyuzi kama magamba, baadaye vikakumbuka. Majirani walikuja wakasimama mlangoni bila kubisha. Dorkas aliacha vyombo, akakaa chini miguuni pa mumewe, mikono bado ina povu.

Alfajiri king'ora kililia tena. Mkono uliamka kabla ya mwenyewe. Ukamvuta Keraryo kitandani, ukamtoa nje na shuka lake, ukamkokota hadi getini, Dorkas na Wankyo wakimkimbilia.

Mlinzi, Clementi, alikuwa akiimba kwaya moja na Keraryo kanisani.

"Shikamoo, mzee," alisema. Akatoa mkasi mfukoni, akakata uzi taratibu asimuumize.

"Huo mkono ni wangu, Clementi."

"Najua, mzee. Ila wenyewe uko zamu. Wewe hauko."

Akaufungulia geti dogo. Mkono ukajisuuza kwenye beseni la maji ya dawa, ukaingia. Keraryo akashika waya wa uzio kwa mkono uliobaki, akasikiliza visu vikianza.

"Twende ukanywe uji," Dorkas alimwambia, akamfunika vizuri lile shuka.

Gari lilipotengemaa, Wankyo alimwachia Dorkas sindano, akamwelekeza pa kuanzia ili ngozi isijikunje. Dorkas alisikiliza kwa makini, kisha akauliza kama uzi wa namna ile unapatikana Mugango.

Wankyo akasema unapatikana.