Kijiti cha Kumi na Tisa

Tangu Oktoba, Nkirote alikuwa na kijiti kimoja cha rangi ya machungwa kwenye buti ya gari lake, na hakuna aliyejua.

Vijiti hivyo ndivyo macho ya dereva wakati wa theluji. Hupigiliwa kandokando ya maegesho kabla ardhi haijaganda, vimwonyeshe mwenye gari la kusukuma theluji asigonge nini. Kwa miaka mitatu Nkirote ndiye aliyevipigilia kwenye maegesho ya kliniki moja huko Golden Valley, Marekani. Alijua kila ufa wa lami ile. Alijua pia kifuniko cha mtaro ukingoni, karibu na lango, ambacho baridi ilikuwa imekiinua kimo cha kidole.

Siku bosi wao Brandon alipouliza nani anataka kuendesha gari jipya la kusukuma theluji, Nkirote alikuwa bado anapanga maneno kichwani. Ernestine, aliyeanza kazi mwezi uliotangulia tu, akainua mkono. Basi, usukani ukawa wake. Wiki hiyo hiyo Nkirote alipigilia vijiti kumi na vinane, akafika penye kifuniko, akapita.

Leo theluji ilikuwa imefika magotini. Nkirote alikuwa mlangoni mwa kliniki na sepetu, vidole vimekufa ganzi, akimtazama mwenzake akienda na kurudi kwenye kiti chenye joto. Na kuimba anaimba! Na kofia kavaa mpya!

Ernestine akasimama, akashusha kioo, akamwita kama wanavyoitana kwao na dada mkubwa.

“Yaya, chai iko hapa. Kunywa mbele ya kugeuka barafu.”

“Sitaki.”

“Bado umeninunia? Mie ninakushukuru. Ninafuata vijiti vyako tu, kama mtoto anashikwa mkono. Imebakia pa lango.”

Hicho ndicho Nkirote alichokitaka: bapa la kusukumia theluji ligonge kifuniko, livunjike, Brandon akasirike, usukani uje kwake. Hakuwa amewaza kifua cha Ernestine kikigonga usukani huo.

“Ngoja,” alisema, lakini kwa ile sauti yake ndogo, na kioo kilikuwa kimeshapanda.

Alikimbilia gari lake, akatoa kijiti, akakipiga kwa mgongo wa sepetu. Ardhi ilikuwa jiwe, kijiti kikakatika. Gari lilikuwa linakuja. Nkirote akakanyaga kifuniko kwa miguu miwili, akasimama.

Honi ikalia. Gari likasimama hatua tatu mbele yake.

“Yaya! Unataka kufa?”

“Pita kando. Kuna kifuniko hapa.”

Ernestine alitazama mstari wa vijiti, kisha pengo.

“Wewe, kusahau?”

“Sikusahau.”

Ernestine akapandisha kioo. Akarudisha gari nyuma, mkono mmoja kwenye usukani, akamzunguka bila kumgusa.

Anajua kuendesha, Nkirote aliwaza, na wivu ukamchoma upya. Lakini hakutoka juu ya kifuniko. Alisimama palepale, theluji ikimfunika viatu, mpaka lami yote ya langoni ikaonekana nyeusi.