Inchi Mbili za Ndani

Basi lilipopita Uyole, Faustina alikuwa ameshakaza vifungo viwili. Binti yake Rozalia, wa miaka mitano, alikaa mapajani pake, na juu ya Rozalia limetandazwa gauni la kitenge. Kila basi lilipoingia shimoni, Faustina aliichomoa sindano akaibana midomoni mpaka njia inyooke. Jamaa wa siti ya pembeni alishajisogeza hadi nusu yake ilikuwa nje ya kiti, kwa kuogopa kuchomwa.

"Mama, hili si langu," Rozalia akasema.

"Hili la Jovina. Lako limeshakwisha, liko kwenye mfuko. Tulia nisikuchome."

Jovina alikuwa mtoto wa Devota, mdogo wake Faustina wa tumbo moja. Kila Krismasi watoto wote wa Bibi Verediana walirudi nyumbani, nyuma ya misheni ya Tosamaganga, na kila Krismasi walivaa sare. Kitenge kimoja, kuanzia bibi mpaka mjukuu. Walikwenda nayo misa ya asubuhi, kisha wakapiga picha mbele ya nyumba, na picha hiyo ilikaa ukutani mwaka mzima. Asiye na sare pichani alionekana kama jirani aliyekuwa anapita njia.

Devota alinunua vitenge, Faustina akashona. Ndivyo walivyogawana kazi tangu Devota aolewe Dodoma na Anord, mkandarasi wa mitaro na barabara za mitaa. Hakuna aliyewahi kuuliza kama ushonaji una bei. Fundi ni wa nyumbani, atadai nini?

Mwaka huu mzigo ulifika na orodha kwenye simu. Mama, gauni. Devota, gauni. Anord, shati. Kaka Vitus, shati. Faustina, gauni. Jovina, gauni la ngazi tatu, lenye mkanda wa kufungia nyuma. Na mwisho kabisa: Rozalia, kikibaki.

Kikibaki! Faustina alilisoma neno lile akiwa amesimama kwenye kibanda chake cha cherehani. Mtoto wa Devota ngazi tatu, mtoto wake yeye makombo. Akakumbuka picha zote alizowahi kuziona kwenye simu ya mdogo wake: Jovina na keki ya ngazi mbili, Jovina ndani ya bwawa la kuogelea na maboya ya rangi mikononi, Jovina ameegemea gari jeupe la baba yake kama vile yeye ndiye aliyelilipia. Aliziangalia picha zile kila usiku kabla ya kulala. Zilimuuma, na bado alizitafuta.

Basi akafanya kitu ambacho fundi hafanyi. Fundi yeyote anajua kitambaa hakibaki chenyewe, kinabakizwa. Vipimo vya Jovina alikuwa navyo. Akapunguza inchi moja kifuani. Akazinyima zile ngazi tatu upana. Halafu mbavuni, pale ambapo fundi mwenye heshima zake huacha inchi mbili za ndani ili mtoto akikua gauni liachiwe, yeye aliacha kiasi cha uzi kushika, basi. Abanwe kidogo naye, alijisemea huku mkasi ukitembea. Kwa kilichopatikana, akamshonea Rozalia gauni. Fupi kidogo, lakini gauni.

Kazi ingekwisha mapema kama si watu wa ushuru. Wiki ya pili ya Desemba walikipiga kibanda kufuli lao, vitenge vikiwa ndani, kwa kuwa leseni yake ilikuwa imekwisha muda. Siku nne alikwenda ofisini, siku nne anaambiwa mwenye mhuri yuko semina. Kufuli lilitolewa juzi tu. Ndiyo maana leo, mkesha wa sikukuu, alikuwa anashonea safarini.

Kondakta akaja akiyumba kati ya viti, akamnyooshea Rozalia kidole.

"Huyu ana miaka mingapi?"

"Mitano. Lakini nampakata, kaka, hajachukua siti ya mtu."

"Dada, hii sikukuu. Kupakata nako kuna bei yake."

Faustina akaichomoa noti aliyoikunja ndani ya kitambaa cha kichwa, ile ya kumnunulia mama sukari. Kondakta akaitia mfukoni bila kuandika chochote, kisha akapaza sauti.

"Oyaa abiria, tusikilizane! Pale Chimala kuna wakaguzi. Ukiulizwa nauli, taja ile iliyo kwenye tiketi. Mimi sina ugomvi na mtu, ila ukijifanya mwanasheria, unashuka na sheria yako hapohapo. Wa kupanda wapo kibao."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kukubali. Nauli iliyoandikwa ilikuwa ya serikali. Waliyotoa ilikaribia mara mbili yake.

Chimala mkaguzi akapanda, kijana mwenye kizibao cha kung'aa na faili kwapani. "Kuna yeyote aliyezidishiwa nauli?" Abiria wakatazama madirishani. Akasogea mpaka kwa Faustina. "Mama mwenye sindano, wewe umelipa ngapi?"

Faustina akaitoa sindano mdomoni. Nyuma ya bega la kijana, kondakta alikuwa anamtazama bila kupepesa. Rozalia akafungua mdomo, Faustina akamfunika na gauni.

"Iliyoandikwa," akasema.

Mkaguzi akaweka alama ya vema kwenye karatasi, akawatakia Krismasi njema, akashuka. Alionekana ameridhika, na pengine alikuwa ameridhika kweli.

Hapo dirishani akatokea Ipyana, mume wake, mweupe kwa vumbi la pumba toka nywele hadi nyusi. Alifanya kazi kwenye mashine ya mpunga pale Chimala na tajiri wake hakumpa ruhusa. Akampitishia mfuko wa mchele. "Wa mama mkwe. Mwambie mwakani nitakuja." Hayo aliyasema pia mwaka jana. Rozalia alimpungia mkono mpaka basi lilipokata kona.

Ilikuwa saa nane mchana walipoikata njia ya matope kwenda kwa Bibi Verediana, mahindi machanga huku na huku, matone ya mvua bado yananing'inia kwenye michongoma. Faustina alilitafuta lile gari jeupe kwa macho kabla hata ya kuiona nyumba. Alishajiandaa nalo. Alishapanga hata uso wa kulipitia. Uani hakukuwa na gari. Kulikuwa na kuku watatu na ndoo.

Mama yake akatoka jikoni akijifuta mikono, akawasalimu kwa Kihehe. "Kamwene, mwanangu. Kamwene, bibi wewe," akamshika Rozalia kidevu. Kisha akashusha sauti. "Mdogo wako yupo ndani tangu jana. Masikini Devota wangu! Amekuja na basi, kutoka Dodoma mpaka hapa, na mtoto mapajani!"

"Na mimi nimekuja na basi, mama."

"Wewe umezoea," mama yake akasema, akaupokea mfuko wa mchele.

Faustina alisimama pale uani na lile neno. Halikuwa tusi. Mama yake alilisema kwa upole, kama anavyosema mvua imenyesha.

Devota alikuwa kitandani kwa mama, kitanda chenye godoro zuri. Akainuka. "Shikamoo, dada." Alikuwa hana wanja wala nywele za bandia, na Faustina alihitaji muda kidogo kumzoea. Pembeni yake alilala Jovina, shingo nyembamba, macho yamekuwa makubwa kuliko uso.

"Taifodi," Devota akasema. "Mwezi mzima. Bima ilishakatika Septemba, kila dawa tunalipia. Gari tumeliuza. Anord amebaki Dodoma, anazunguka ofisini kudai ile kazi ya mitaro. Walimaliza mwaka jana, dada, ikazinduliwa na ngoma na hotuba. Kila akienda anaambiwa fungu halijashuka."

"Hukuniambia."

"Ningeanzia wapi?"

Faustina akalitoa gauni kwenye mfuko, na Devota akamwinua mtoto, akamvalisha. Faustina akaangalia ukutani. Alikuwa anangoja kusikia mshono ukilia, anangoja mtoto aseme linambana. Hakusikia kitu. Alipogeuka, gauni lilikuwa limemkaa Jovina kifuani sawasawa, na zile ngazi tatu nyembamba zilimfaa mtoto mwembamba.

Devota akaanza kulia.

"Ulijuaje, dada? Vile vipimo vilikuwa vya Juni! Nilivituma bila kufikiri, nipo wodini naye. Nimekuja nikijua litamwagika kama gunia. Wewe umeshona kama ulimpima jana."

"Mimi mama yenu nilizaa fundi," Bibi Verediana akasema mlangoni.

Wakati huohuo Rozalia akaingia mbio, ameshajivalisha lake mwenyewe, vifungo vimepishana. Devota akashika kifua.

"Kumbe kilibaki! Ee Mungu, asante. Dada, nilinunua pea tano za kitenge. Ya tano ilikuwa ya Rozalia, nilimpangia ngazi tatu, wafanane kama mapacha. Novemba nikaiuza kwa jirani, nipate dawa. Nikashindwa kukueleza. Nikaandika vile tu, kikibaki, na tangu siku hiyo nikiuona ujumbe wako kwenye simu naogopa kuufungua."

Mama yao akakaa kitandani, akamkumbatia Devota, akawa anampapasa mgongo taratibu, "basi mwanangu, basi." Faustina alimwonea huruma mdogo wake, huruma ya kweli. Na chini ya huruma ile, wivu ulikuwa palepale, haujahama hata hatua. Aliuonea wivu mkono ule wa mama mgongoni. Miaka sita yeye amekuja na basi. Rozalia alipougua malaria, alimuuguza juu ya meza ya kukatia vitambaa kibandani, na hakuna aliyesema masikini. Hata shida, Devota alikuwa amepata ile ambayo watu huionea huruma. Yake yeye ilikuwa maisha tu.

"Atarudisha mwili huyu," Devota akasema, akijifuta machozi na kukigeuza kiuno cha Jovina. "Pasaka utamwachia tu mbavuni, alivae tena. Si umeacha ndani?"

Wote wakamtazama Faustina. Alikuwa hana sindano mdomoni safari hii.

"Nimeacha," akasema.

Baadaye, wengine wakijiandaa kwa misa ya mkesha, Faustina alikaa nyuma ya jiko na gauni lake mwenyewe la sare. Alilipindua ndani nje. Mbavuni, kila upande, kulikuwa na inchi mbili kamili, zimekunjwa vizuri na kupigwa pasi. Kila mwaka alijiachia hivyo, kwa ajili ya siku ambayo mambo yatanyooka naye anenepe. Akachukua wembe, akaanza kuzikata. Vipande vingetosha kumwongezea Jovina mbavu, mtu asijue.

Rozalia akaja akachuchumaa. "Mama, mbona unalikata lako?"

"Napunguza."

"Na ukinenepa?"

"Kwa mchele upi?" Faustina akasema, akaendelea kukata.

Kengele ya misheni ikaanza kulia. Kutoka ndani mama yake akaita, "Faustina! Mchemshie mdogo wako maji ya kuoga, amechoka na safari."

Safari ya Devota ilikuwa ya jana. Faustina akavikunja vipande vya kitenge, akavifungia ndani ya kitambaa cha kichwa, pale ilipokuwa ile noti asubuhi, akaenda kukoka moto.