Mjukuu Asiyepakatwa

Adolphine alirudi mjini Baraka kutoka hospitali ya Kigali akiwa ameunguzwa na mionzi ngozi ya kifua, pale pale titi lilipokatwa miaka miwili nyuma. Uvimbe wa saratani ulikuwa umerudi na kuingia mapafuni. Madaktari hawakumficha: mionzi itatuliza maumivu, haitaponya. Hilo alilimeza. Lililomkwama kooni ni jingine.

Binti yake Tania alikuwa amejifungua nyumbani Baraka, mama akiwa bado Kigali. Mtoto wa kike, mjukuu wa kwanza, akapewa jina la bibi yake. Tania alipomleta apakatwe, Adolphine alirudisha mikono nyuma.

"Umuweke mbali. Mwili yangu iko na ule moto ya mashini."

"Nani alikuambia, mama?"

"Hakuna muntu. Niliona na macho yangu. Banakulalisha kwa mashini, kisha bote banatoka, banafunga mulango munene. Kama haiko mubaya, juu ya nini banakimbia?"

Kuuliza si ujinga, lakini Adolphine alikuwa mtu wa kujijibu mwenyewe. Alitenga sahani yake na kikombe chake, akamhamishia mumewe Placide chumba cha pili. Mzee wa watu, aliyelala ubavuni pake tangu ujana, akatii kama mgeni. Mtoto akawa anaonyeshwa mlangoni tu. Akilia, bibi naye analia.

Majuma yakapita hivyo. Tania alipochoka, alimpigia Nicolas, muuguzi Mkongomani wa kule kwenye mionzi, akamwekea mama yake simu sikioni.

"Mama Tania, sisi tunatoka sababu tunafanya ile kazi kila siku, mwaka muzima. Mashini ikizimika, moto imeisha. Ukizima taa, chumba inabakia na mwangaza? Umubebe mujukuu wako."

Adolphine aliisogeza simu kando. Furaha hakuwa nayo. Alikuwa na hasira, tena ya kujikasirikia mwenyewe. Kisha akanyoosha mikono.

Wa kushoto ulifika nusu, ukaanguka mkekani. Wa kulia ukaufuata. Aliporudi kutoka Kigali alikuwa bado anasonga ugali. Sasa hata maji alikuwa ananyweshwa.

"Wakati nguvu ilikuwako," alisema, "nilikuwa namufukuza."

Tania alimlaza mtoto begani pa mama yake, upande usioungua. Akaichukua mikono ya mama, akamzungushia mtoto, na akabaki ameishika, maana kila akiiachia ilikuwa inaanguka.